UZI: Dina Gottliebová, binti wa Kicheki aliyechora sura za watu Auschwitz, na zile picha saba alizozidai mpaka anaingia kaburini

#1 – Mleta uzi

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nimekuwa nao kichwani muda mrefu, kila nikikaa kuandika naishia njiani maana habari yenyewe nzito. Leo nashusha yote, kwa vipande, mwenye swali aulize hata katikati, nipo.

Kwanza niseme mi mwenyewe nachora sura za watu. Penseli zaidi, na rangi ya maji kwa mteja anayetaka rangi. Mtu anakuletea picha ya marehemu baba yake ya kwenye kitambulisho, imefubaa hata pua huioni vizuri, anakwambia nitolee hii kubwa niitundike sebuleni. Kwa hiyo nikiongelea huyu mama naongea kama mtu ninayejua kukaa na uso wa mtu saa tatu nne mpaka unajua kovu lake lilipo, na ndo maana habari yake ilinikaa kuliko za wachoraji wakubwa wote tunaowasikia.

Anaitwa Dina Gottliebová. Kazaliwa tarehe 21 Januari 1923 Brno, enzi hizo nchi inaitwa Chekoslovakia. Familia ya Kiyahudi, kalelewa na mama yake, Johanna. Kasomea sanaa hukohuko Brno halafu Prague, binti wa mjini mwenye kipaji, maisha yako mbele yake. Wajerumani wakaingia mwaka 1939, na kuanzia hapo Myahudi akawa anakatazwa kitu kimoja baada ya kingine, shule, sinema, usafiri, mpaka unabaki na nini.

Januari 1942 mama yake akaitwa kwenda kambi ya Theresienstadt. Dina jina lake halikuwemo kwenye ile orodha. Akajiorodhesha mwenyewe ili asimwache mama. Ana miaka 19 hapo. Hilo lishikeni kwanza maana litarudi.

#2

Mkuu weka vitu, nimevuta kiti. Ila swali, huyo mama yake ndo ndugu pekee aliyekuwa naye?

#3 – Mleta uzi

Ndo aliyekuwa naye hapo mkuu. Na mpaka mwisho wa vita hao wawili hawakuachana, utaona.

Twende. Septemba 1943 wakapakiwa kwenye mabehewa pamoja na watu kama 5,000 kutoka Theresienstadt wakapelekwa Auschwitz-Birkenau, huko Poland iliyokuwa imekaliwa na Wajerumani. Hao watu wakawekwa sehemu ya peke yake iliyokuja kuitwa kambi ya familia. Haikuwa kawaida ya pale. Kawaida ukishuka kwenye treni unachambuliwa palepale, wewe huku kazini, wewe kule kwenye gesi. Hawa hawakuchambuliwa, hawakunyolewa, wakaachwa na watoto wao. Wanazi walikuwa na hesabu zao, walitaka dunia ikiuliza Wayahudi wako wapi kuwe na watu wanaoandika postikadi kwamba tupo salama. Wenyewe hawakujua kwamba kwenye makaratasi walishapangiwa miezi sita tu.

Ndani ya hiyo kambi kulikuwa na kijana anaitwa Fredy Hirsch, mwalimu wa michezo, akapambana mpaka akapewa banda moja liwe la watoto mchana. Yale mabanda ya mbao yalikuwa ya muundo wa mazizi ya farasi, madirisha hakuna, giza, baridi. Hirsch akamwomba Dina achore ukutani kitu cha kuwachangamsha watoto. Rangi zikapatikana kwa magendo, hukohuko kambini. Akaanza kuchora kama mtu anayeangalia nje kupitia dirisha, maua yapo kwenye vyungu dirishani, mbele majani ya milima ya Uswisi, ng'ombe na kondoo. Yaani banda lisilo na dirisha akalitobolea dirisha kwa brashi. Halafu akawauliza watoto wanataka nini tena, wakataka Snow White na wale vibete saba wa kwenye filamu ya katuni ya Disney ya mwaka 1937, Dina alikuwa ameshaitazama huko Prague. Akawachora kwa kumbukumbu ya kichwa tu.

Huo ukuta ndo ulibadilisha kila kitu, maana askari wa SS, lile jeshi la chama cha Nazi lililosimamia kambi, waliuona na habari zikafika kwa daktari Josef Mengele.

#4

Mengele yule wa mapacha??

#5 – Mleta uzi

Huyohuyo. Watu wengi tunamjua kwa majaribio aliyowafanyia mapacha kambini, ila cha kujua ni kwamba kabla ya udaktari alikuwa na shahada ya uzamivu ya anthropolojia kutoka München, mwaka 1935, na kichwa chake chote kilijaa ile imani kwamba damu za watu zinatofautiana thamani na kwamba ukipima pua na masikio na rangi ya ngozi utathibitisha. Pale Birkenau alikuwa ndiye daktari wa sehemu waliyofungiwa Waroma, watu ambao wengi wanawaita Wajipsi. Alikuwa anawapiga picha kwa filamu ya rangi, lakini filamu za rangi za miaka ile ngozi haziitoi sawasawa, inakuja imepauka au nyekundu isiyo yake. Akawa anatafuta mtu anayeweza kutoa rangi ile ile kwa mkono.

Dina akaletwa mbele yake. Akamuuliza unaweza kupatia rangi za hawa watu? Akasema atajaribu.

Sasa wakati huohuo ile miezi sita ilikuwa inaisha. Dina akapata habari kwamba yeye atabakizwa kwa ajili ya kuchora. Akauliza mama yangu je. Kama mama hayumo, akasema, yeye anakwenda kuugusa uzio wa umeme afe. Akamwambia hivyo Mengele, mwanamke wa miaka 21, mfungwa, anasimama mbele ya mtu ambaye kunyoosha kidole tu ni kifo cha mtu. Mengele akauliza namba ya mama yake. Ikaandikwa.

Tarehe 8 Machi 1944 usiku wale waliokuja Septemba wakapelekwa kwenye gesi. 3,792. Watoto wa lile banda wengi wao humo, Fredy Hirsch naye alikufa siku hiyohiyo. Ukuta ukabaki na Snow White wake.

Nimekaa na hii namba sana wakuu. Wachache kabisa walibakizwa, wawili kati yao ni Dina na Johanna.

#6

Daah. Nimesoma hapo nikaweka simu pembeni kwanza.

#7

Aisee mama na mwana. Endelea mkuu.

#8 – Mleta uzi

Sasa tuje kwenye picha zenyewe maana uzi ni wa mchoraji, na hapa ntakaa kidogo mnivumilie.

Anapelekwa sehemu ya Waroma, anaambiwa achague watu. Wa kwanza kabisa kumvutia ni binti mmoja mrembo, Mroma kutoka Ufaransa, anaitwa Céline, kajifunga kitambaa cha buluu kichwani. Céline alikuwa amefiwa na kichanga chake cha miezi miwili, kimekufa kwa njaa maana maziwa hana. Tumbo lake lilikuwa limeshindwa kabisa kuusaga ule mkate mweusi wa kambini. Dina kwa sababu ya kazi yake akapata mkate mweupe, akawa anampa Céline kwa siri. Na akawa anachora polepole makusudi. Kila siku ambayo picha haijaisha ni siku ambayo Céline amekaa kwenye kiti ndani, amekula kitu, yuko na mtu anayeongea naye.

Mengele akaja kukagua, akataka sikio lionekane. Kile kitambaa kikasogezwa nyuma. Mpaka leo ukiiangalia ile picha sikio lipo, limetokeza kwa namna ambayo haliendani na mkao wa mtu aliyeinamisha uso kwa huzuni, ni kama mkono wa mtu mwingine umeingia kwenye picha. Wanaochora wananielewa. Sikio ni kitu ambacho mteja hata hakiangalii, wewe unajua mpaka ulipate lina mikunjo mingapi, na hapa aliamriwa alichore kama kielelezo cha maabara. Ila macho hakuamriwa. Macho ya Céline aliyachora anavyotaka yeye, na alisema mwenyewe uzeeni kwamba alikuwa anamchora kama Bikira Maria anavyochorwa, mama aliyefiwa na mwana.

Kitu kingine. Rangi ya maji haina nyeupe kwa maana ya nyeupe. Pale panapong'aa kwenye paji la uso au ncha ya pua, unaacha karatasi wazi, hupaki kitu. Na ngozi ya kahawia huipati kwa kahawia peke yake, unapitisha wekundu mwembamba kwanza, unasubiri ukauke, unapitisha kahawia, kwenye kivuli chini ya kidevu unadondosha buluu kidogo sana la sivyo uso unakuwa udongo. Ukiharibu hufuti. Sasa fikiria unafanya hivyo huku nyuma yako kuna mtu anayeamua kesho nani yupo. Kwenye zile sura hakuna mkono uliotetemeka, nimezoom picha zake nimetafuta sikuona.

Alichora kama kumi na kitu, akaweka sahihi Dinah 1944. Akamchora na Mengele mwenyewe, aliamriwa.

Tarehe 2 Agosti 1944 usiku ile sehemu ya Waroma ikafutwa. Watu kama 4,300 waliokuwa wamebaki wakauawa kwa gesi, wengi ni akina mama, watoto na wazee. Waroma waliopitia pale Auschwitz kwa jumla ni kama 23,000, na waliokufa ni kama 21,000.

#9

Mimi nina swali gumu kidogo naomba nisieleweke vibaya. Huyu dada si ndo alikuwa anamfanyia kazi muuaji? Maana mwisho wa siku zile picha zilikuwa za kuthibitisha kwamba hao watu ni duni.

#10 – Mleta uzi

Swali zuri na halina ubaya mkuu, hata mimi nilijiuliza.

Jibu langu ni hili. Mengele aliagiza aina, akaletewa watu. Alitaka sampuli ya rangi ya ngozi. Nenda kaziangalie zile picha, hamna hata mmoja aliyechorwa kama mfano wa kabila. Kila mmoja ana hali yake, mmoja kachoka, mwingine amekaza midomo kama anayejizuia kusema, huyu anaangalia pembeni. Mchoraji mvivu au mwenye dharau huwezi kupata hivyo, lazima umkubali mtu kwanza ndo uso wake unafunguka. Mi nimewahi kuchora mtu niliyekuwa nimemkasirikia, mteja aliyenizungusha hela, ile kazi ilitoka mbao tupu, ndugu zake wenyewe wakasema huyu siye.

Na upande wa pili, alikuwa hana hiari. Alikuwa ananunua siku za mama yake na brashi. Siku moja moja.

#11

Umejibu vizuri. Ikawaje wakatoka?

#12 – Mleta uzi

Mwanzoni mwa 1945 wakahamishwa kambi ya Ravensbrück kisha ya Neustadt-Glewe huko Ujerumani, na Mei mwaka huohuo wakakombolewa. Wote wawili wapo hai. Picha zikabaki Poland, hakuna aliyebeba hata moja.

Baada ya vita wakafika Paris. Dina akaomba kazi ya uchoraji wa katuni za filamu, anayemfanyia usaili ni Mmarekani anaitwa Art Babbitt. Huyu Babbitt alikuwa Disney, na kwenye ile Snow White yeye ndiye aliyemchora yule malkia mbaya akatembea na kuongea. Yaani dada aliyechora Snow White kwenye ukuta wa banda la Birkenau anakaa mezani na mtu aliyeitengeneza. Wakaoana, wakahamia California, wakapata mabinti wawili, baadaye wakaachana.

Kule Hollywood kazi yake ilikuwa katuni. Ukikaa ukafikiria umewahi kumuona Daffy Duck, Tweety, Speedy Gonzales, yule mbweha Wile E. Coyote anayemkimbiza ndege, huyu mama mkono wake ulipita kwenye hizo kazi, na matangazo ya Cap'n Crunch pia. Kazi ya katuni ni kazi ya wengi, jina lako halionekani, unachora michoro mingi kwa sekunde moja ya filamu. Sehemu hii ya maisha yake watu wanaipita haraka na mimi sina mengi ya kuongeza, alifanya kazi, alilea watoto, alizeeka. Ila ndo miaka mingi zaidi ya maisha yake, tusisahau.

Halafu 1973 ikaja barua kutoka makumbusho ya Auschwitz.

#13

Walizipata wapi hizo picha??

#14 – Mleta uzi

Walizinunua. Sita mwaka 1963, ya saba ikanunuliwa 1977. Walikuwa nazo bila kumjua mchoraji, ile sahihi ya Dinah ndo iliyowasaidia mpaka wakamfikia.

Akafunga safari mpaka Poland. Akaenda na begi la kubebea zile picha, maana akilini mwake ilikuwa wazi, nilichora mimi, wamenitafuta wenyewe, naenda kuchukua vitu vyangu nirudi navyo nyumbani. Akaziona. Miaka 29 imepita. Céline yuko pale na kitambaa chake cha buluu. Wakamwambia hawezi kuondoka nazo.

Akarudi California na begi tupu.

Kuanzia hapo mpaka anakufa alikuwa anazidai. Bunge la Marekani likapitisha maazimio ya kumuunga mkono, mwaka 2006 wachoraji wa katuni na vibonzo kama 450 wakasaini barua, Neal Adams, yule aliyemchora Batman, akachora habari yake kwa kurasa za vibonzo, Joe Kubert akasaidia, Stan Lee akaandika utangulizi. Hawa ni wazee wakubwa kabisa wa fani hiyo. Makumbusho wakakataa.

#15

Nitakuwa tofauti na mleta uzi. Mimi nimesomea mambo ya kumbukumbu na nyaraka. Makumbusho wana hoja. Zile picha ni ushahidi. Waroma waliouawa pale ni wengi na alama walizoacha ni chache mno, nyuso zao zilizochorwa na kuwa na rangi ni hizo saba. Ukizitoa pale ukazitundika kwenye nyumba ya mtu California, kesho mwenye sanduku aje kuchukua sanduku, mwenye viatu aje, hiyo sehemu itabaki na nini? Na wanaodai mauaji ya Auschwitz hayajatokea wapo mpaka leo. Halafu Waroma wenyewe kule Ujerumani viongozi wao walipinga zisiondolewe. Hizo ni sura za ndugu zao, si za Dina.

#16 – Mleta uzi

Mkuu hii hoja naiheshimu na ndo iliyonichelewesha kuandika huu uzi. Hasa hilo la Waroma. Kwamba aliyechorwa naye ana haki yake, na huyo aliyechorwa ameuawa hana wa kumsemea isipokuwa watu wake. Sina jibu la kulizima hilo na sitaki kulizima.

Nisichokubali ni lugha waliyotumia kumjibu. Walisema hizo si kazi za sanaa za mtu binafsi, ni kazi za kumbukumbu zilizofanywa kwa amri ya Mengele. Hapo ndo roho inaniuma. Amri ilikuwa ya Mengele, lakini Céline hakulia mbele ya Mengele, alikaa mbele ya Dina. Mkate alipewa na Dina. Kusema picha imetokana na amri ni kumrudishia yule daktari kitu ambacho huyu mama alishamnyang'anya kwa mkono wake akiwa na miaka 21. Wangeweza kumwambia mama, hizi ni zako, tunakuomba uziache hapa kwa ajili ya hawa watu. Tofauti ni kubwa sana, mtu akiombwa anaweza hata kukubali.

Na sanduku na viatu si sawa na picha. Sanduku mtu alinunua dukani. Yeye alikuwa anasema bila zile picha yeye asingekuwepo, mama yake asingekuwepo, wala watoto na wajukuu. Ni kama risiti ya uhai wao.

#17

Mimi nipo na #15 kwenye kubaki pale, ila nipo na mleta uzi kwamba mwenye kazi angetambuliwa ni yake. Mbona yote mawili yanawezekana.

#18

Nimemuonyesha mama yangu hii habari, kauliza kitu kimoja tu, yule mama yake Dina alijua kwamba mwanae alisema vile kwa Mengele?

#19 – Mleta uzi

Mpe salamu mama. Swali lake limenigusa kuliko yote humu. Waliishi pamoja baada ya vita, mama na binti, sidhani kama kuna siku ile habari haikuwa mezani hata kama hawakuitaja.

Dina alifariki tarehe 29 Julai 2009 huko Felton, California, kwa saratani, miaka 86. Mengele alikimbilia Amerika ya Kusini, akafa maji Brazil mwaka 1979, hakuna mahakama iliyomfikia. Picha saba ziko palepale.

#20

Mkuu nataka kuziangalia leo. Nianze na ipi?

#21 – Mleta uzi

Anza na Céline mkuu. Katika wote aliowachora, jina lake ndo Dina aliendelea kulitaja mpaka uzeeni. Fungua kwenye kioo kikubwa, siyo simu. Liache sikio kwanza, ziba na kidole kama unaweza, angalia uso wenyewe na kile kitambaa. Pale kwenye paji la uso, chini ya ukingo wa kitambaa, kuna sehemu inayong'aa. Hiyo hakupaka kitu, ni karatasi.